Ametumwa na Nani? Hotuba Kuhusu Chui wa Unguja na Chui wa Dhofar

Hotuba hii ilitolewa Maskati mbele ya wazee, familia na wanafunzi wa Oman wanaozungumza Kiswahili. Dhofar inayotajwa ni jimbo la kusini mwa Oman. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Baadhi ya salamu na maneno ya katikati yamepunguzwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango ili hotuba ikiwachosha mtoke bila kuonekana: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Wapo hapa wajukuu waliozaliwa Maskati ambao Kiswahili chao ni cha jikoni kwa bibi, na wazee wanataka leo wakisikie kikibeba jambo jengine lisilokuwa mapishi wala harusi. Jambo lenyewe ni chui.

Mtu kutoka Unguja kuja kuwaeleza watu wa Oman habari za chui wa Dhofar ni sawa na kumuuzia Mpemba karafuu. Nalijua hilo. Sikuja kuwafundisha mlima wenu. Nimekuja na habari za kwetu, kwa sababu na sisi tulikuwa na chui wetu kisiwani, hatunaye tena, na namna alivyotutoka inamhusu sana huyu wa kwenu ambaye, alhamdulillahi, bado yupo.

Basi nianze na wa kwetu.

Kisiwa cha Unguja zamani kilishikana na bara. Bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, Unguja ikabaki peke yake na wanyama wake, chui akiwamo. Miaka kwa maelfu akaishi mbali na wenzake wa bara, umbo likapungua, na madoa yake yakawa madogo madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza, Reginald Pocock, alimwandika kuwa ni chui wa namna yake pekee, akampa jina la Aders, aliyekuwa mwanabiolojia wa serikali ya Unguja. Aders huyo huyo ndiye aliyepewa heshima ya jina la kitaalamu la paa nunga, yule paa mdogo mwekundu wa misitu ya mawe. Visiwani hatukuwa na simba wala fisi. Chui ndiye aliyekuwa mkubwa wa msitu, akila paa, kima na nguruwe, na siku nyengine mbuzi wa watu.

Sasa hapa ndipo yalipo ya kwetu. Watu wa shamba walikuwa na chui wa aina mbili. Yupo chui wa mwituni, anayezaliwa na kufa kama mnyama mwengine yeyote. Na yupo chui wa kufugwa. Huyu wa pili alisemwa kuwa ni wa watu maalumu, watu wenye elimu ya giza, ambao humlisha, humfunza, na humtuma usiku kwa jirani waliyegombana naye. Mbuzi akikamatwa na chui wa mwituni, ni bahati mbaya. Akikamatwa na chui wa kufugwa, hiyo ni vita.

Wazee mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnazijua hadithi hizi, na wengine wenu, nadhani, mnaujua hata mtaa na jina la mtu aliyekuwa akisemwa.

Wanaanthropolojia wawili, Helle Goldman na Martin Walsh, walitumia miaka mingi kusikiliza wanakijiji na wasasi wa Unguja juu ya jambo hili. Hawakuwacheka, na hawakuandika kwamba Waunguja ni wajinga. Walichokieleza ni kitu cha kawaida sana: watu waliongezeka, mashamba yakala msitu, windo la chui likapungua, naye akaanza kusogea karibu na nyumba. Alichukua mifugo, na mara nyengine alijeruhi watu, hata watoto. Kila alipoonekana, watu hawakuuliza amefuata nini. Waliuliza ametumwa na nani.

Naomba mlishike swali hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena tukifika Dhofar.

Baada ya 1964, na hapa nitapita taratibu, maana wamo ukumbini humu watu ambao kwao mwaka ule si somo la historia, ni jina la baba au la kaka, ulianzishwa msako kisiwani. Uliongozwa na mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na ukaunganisha kazi mbili kuwa moja: kuwafichua wachawi na kuwaua chui wao. Fikirini maana yake. Kuua chui kukawa ni kusafisha kijiji. Aliyekuwa na huruma na chui alikuwa na sababu ya kushukiwa. Na aliyekuwa na jirani asiyepatana naye, akapata kwa kuanzia.

Msako ulikwisha lakini hukumu ya chui haikufutwa. Aliendelea kuhesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu na kuwindwa. Hata katika miaka ya 1990 kumbukumbu za wasasi zilikuwa bado zinataja chui waliouawa, huku watafiti waliokwenda kumtafuta wakiondoka bila ya ushahidi wa kutosha kwamba bado yupo. Wengi wakamhesabu kuwa amekwisha. Mwaka 2018 watu wa televisheni kutoka Marekani walionesha picha ya usiku waliyoinasa kisiwani, wakasema huyu hapa. Wapo waliofurahi, wapo waliotikisa kichwa. Mimi nimo katika wanaotamani iwe kweli, na kutamani si ushahidi.

Kilichobaki ni ngozi chache kwenye makumbusho za nje, na yule aliyekaushwa aliyewekwa miaka mingi katika makumbusho yetu ya Mnazi Mmoja, rangi imempauka mpaka mtoto wa skuli anauliza kama ni chui au ni paka mkubwa. Jozani ilipokuja kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, kima punju walikuwapo, paa nunga wachache walikuwapo, hata yule kanu wa msituni ambaye watu wa kwetu humwita uchui, aliyepigwa picha kwa mara ya kwanza na kamera ya kutegesha mwaka 2003. Mwenye msitu hakuwapo.

Watu hupenda kusema mnyama alitoweka kwa sababu hapakuwa na elimu. Mimi siafiki. Waunguja wa shamba walimjua chui kuliko mtu yeyote aliyewahi kuandika kitabu juu yake. Walijua anapita wapi, anakula nini, analia vipi. Kilichokosekana ni mtu wa kumpelekea hasara. Aliyepoteza mbuzi watatu usiku mmoja hakuwa na pahala pa kwenda kesho yake asubuhi ila kwa mganga. Na mganga, bila shaka, alikuwa na jibu.

Sasa tupande Dhofar.

Mnaijua nchi yenyewe kuliko mimi. Milima mitatu imefuatana kando ya bahari: Jabal Qamar upande wa Yemen, Jabal Qara nyuma ya Salalah, na Jabal Samhan juu ya Mirbat, mkubwa kuliko yote, unaopita mita 2,000 kwa urefu. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi yatoke kwetu yaje huku, ndio unaoleta kharif: ukungu na manyunyu tangu Juni hadi Septemba, na mlima mkavu unageuka kijani mpaka mtu wa Makunduchi akiletwa amefumbwa macho atadhani yuko nyumbani. Nyuma ya milima, upande wa Nejd, kuna majangwa na miti ya ubani. Sehemu ya ubani uliochomwa kwenye vyetezo vya bibi zetu ilitoka huko, kwenye makorongo anayopita chui. Sikusudii kusema kwamba waganga wetu walimfukiza chui kwa ubani wa nyumbani kwake, lakini wazo hilo hunijia.

Chui wa Arabuni ni mdogo kuliko chui wote duniani. Dume ana kilo 30 hivi, jike kama 20; mbwa mkubwa wa kizungu anamshinda uzito. Rangi yake ni hafifu, ya mchanga na jiwe. Anakula mbuzi-mwitu wa pembe ndefu ambaye nyie mnamwita waal, anakula swala, pimbi, nungunungu, kwale, anachokipata. Ni hodari wa kujificha mno, na askari wa hifadhi anaweza kufuata nyayo na kinyesi chake miezi mingi asimtie machoni.

Zamani alikuwa ameenea Bara Arabu: kutoka milima ya Jordan na Palestina, akishuka Hijazi na Asir, Yemen yote ya milimani, mpaka Musandam na milima ya Imarati. Leo Jordan hayupo. Musandam hayupo. Imarati hayupo. Saudia kwa miaka mingi hakuna aliyepata ushahidi wa kuaminika kwamba yuko porini. Waliobaki wote kwa jumla hawafiki 200, na wapo wanaohesabu wachache zaidi ya hapo. Katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini amewekwa kwenye daraja ya mwisho kabla ya kutoweka porini, na yuko hapo tangu 1996.

Wengi wa wale wanaojulikana kwa uhakika ni wa Dhofar. Mtafiti wa Kiomani mwenye asili ya milima hiyo hiyo, Hadi al Hikmani, pamoja na wenzake, walikusanya kinyesi cha chui katika milima yote mitatu na kusoma vinasaba vilivyomo. Makadirio yao yalikuwa chui 51 hivi. Hamsini na mmoja! Ukumbi huu leo una watu zaidi ya hao. Na wamegawika makundi matatu, kila mlima na chui wake, ambao hawakutani ipasavyo na wenzao. Kwa hiyo wanaozana ndugu kwa ndugu. Vinasaba vyao vimepungua utofauti kupita kiasi, na mnyama aliyefikia hapo ugonjwa mmoja au mwaka mmoja wa ukame unaweza kumfuta.

Serikali ya Oman haikulala katika hili, na kusema kweli imetangulia wengi. Hifadhi ya Jabal Samhan ilitangazwa mwaka 1997, kama kilomita za mraba 4,500, na mwaka huo huo kamera za kutegesha zikaanza kuwekwa makorongoni. Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 2003 imeweka adhabu ya kifungo na faini kwa anayewinda. Na kabla ya yote hayo, katikati ya miaka ya 1980, chui wachache walinaswa Samhan wakapelekwa kwenye kituo cha kuzalishia wanyama, ukawa ndio mwanzo wa kuwazalisha chui hawa mikononi mwa binadamu. Baadaye Sharjah kule Imarati wakafuata, na Saudia kule Taif. Kituo cha Taif kilipokabidhiwa kwa Tume ya Kifalme ya AlUla, taasisi ya serikali ya Saudia, mwaka 2020 kilikuwa na chui 14. Idadi hiyo imeshapita maradufu, na mwaka 2024 jike mmoja alizaa watatu kwa mpigo, jambo nadra sana kwa chui hawa.

Kwa hiyo wazee wangu, mtaona kichekesho chenyewe. Unguja tulimsaka chui wa kufugwa kisiwa kizima, kijiji kwa kijiji, na hakuna mtafiti aliyewahi kuoneshwa hata mmoja kwenye zizi lake. Chui wa kufugwa wa kweli wako huku Arabuni, wana namba, wana madaktari, na wana faili.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Wataalamu wanaopendekeza dawa ya chui wa Dhofar wanasema hivi: damu ya porini imechoka, lakini chui walio vituoni, hasa wenye nasaba ya Yemen, wana utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba. Basi wazalishwe, watoto wao wafunzwe kuwinda, kisha wapelekwe milimani wakachanganyike na wa porini. Ni rai nzuri. Kisayansi sioni pengine pa kutokea. Lakini tafsiri hiyo kwa lugha ya mtu mwenye mbuzi. Maana yake ni chui wa kufugwa, atakayetumwa.

Siku chui wa namna hiyo atakapoingia zizini, mfugaji wa Dhofar atauliza swali lile lile la watu wa Unguja. Ametumwa na nani? Na safari hii jibu litakuwapo, lenye barua na muhuri. Hasira ambayo kwetu iliwashukia majirani na wazee wapweke, huku itakuwa na anuani ya ofisi.

Kwa hiyo ninasema, na nawaomba mkiwa na jamaa katika ofisi zinazohusika mulifikishe: malipo ya mbuzi yatangulie chui. Sisemi ahadi ya malipo. Nasema mtu apige simu, aje mtu, aone, alipe, tena ndani ya siku chache na si baada ya mfugaji kushuka Salalah mara nne akiambiwa mhusika yuko likizo. Ngamia mmoja mchanga kwa familia ya mlimani si hasara ndogo. Ukimwachia mtu hasara hiyo peke yake, umeshamfundisha kutega sumu. Na sumu haichagui: itamuua chui, fisi, mbweha na tai kwa nyama moja.

Wengine wataniambia, mfugaji mwenyewe ndiye tatizo, mifugo imezidi. Ni kweli imezidi. Ngamia, ng'ombe na mbuzi wa Dhofar wamekuwa wengi kuliko majani, mlima unakwanguliwa, swala na waal wanakosa malisho, na chui akikosa swala anakuja kwa mbuzi. Yanashikana. Lakini hamtapunguza mifugo ya mtu ambaye hamjawahi kumlipa hata mmoja aliyeliwa. Kwanza aaminiane na nyie, halafu mzungumze habari za idadi.

Wahenga wetu walisema mchawi mpe mwana kulea. Sijaona msemo uliofanyiwa kazi vizuri kuliko huo hapa Oman. Askari wengi waliofanya kazi ya chui kule milimani ni watoto wa wafugaji na wawindaji wa milima ile ile. Wanajua kila pango. Baba zao walikuwa wakijua pia, kwa sababu nyengine. Na mfano mkubwa zaidi ni wa swala mweupe wa jangwani, al-maha. Alimalizwa porini mwaka 1972. Alizalishwa nje, akarudishwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982, na waliopewa kumlinda ni Waharasi wenyewe, wenye jangwa lao. Dunia nzima ikaja kujifunza, na mwaka 1994 pahala pale pakaandikwa Urithi wa Dunia.

Nisimalizie hapo, kwa sababu isingekuwa uaminifu. Katikati ya miaka ya 1990 walikuja majangili wa kumkamata al-maha hai na kumuuza kwa wenye fedha wanaotaka mnyama wa fahari kwenye mashamba yao. Kundi la mamia likashuka likawa makumi. Eneo la hifadhi baadaye likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 UNESCO ikapafuta pahala pale kwenye orodha yake, mara ya kwanza kabisa kufanya hivyo duniani. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema chui wa Taif wameongezeka basi kazi imekwisha, moyo wangu hautulii. Kumzalisha mnyama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni soko la wanaomtaka, na soko hilo haliko mlimani. Liko mijini, kwetu sisi.

Yemen, ambako vita vimewaacha watu wengi bila ya mshahara, chui hunaswa kwa mitego na kuuzwa. Mnunuzi hakai huko milimani. Kwa hiyo kijana ukiletewa kwenye simu picha ya mtoto wa chui au duma anauzwa, hata ukiambiwa ana karatasi zote, usiulize bei. Kuuliza bei tu kunamwambia muuzaji kwamba soko lipo.

Na jambo jengine la simu. Ikitokea umepanda mlimani, Mungu akakujaalia ukamwona chui, au hata nyayo zake, piga picha, furahi, mwoneshe mama yako. Usiweke mtandaoni jina la korongo, na ujue kwamba simu nyingi huficha ndani ya picha yenyewe alama ya pahala ilipopigwa. Wapo wanaosubiri taarifa hiyo.

Kharif nisiisahau. Mwaka 2024 waliohesabiwa kwenda Dhofar msimu ule ni zaidi ya watu milioni moja, na najua nusu ya ukumbi huu huenda kila mwaka na majiko ya kuchomea mishikaki. Nendeni, Mungu awape afya. Lakini chemchemi za milimani ndizo kisima cha wanyama wote wakati mvua zimekwisha. Tukizijaza chupa na mifupa ya kuku, mbwa wa mitaani wanafuata, na mbwa wanaleta maradhi ambayo chui hana kinga nayo. Mbwa huyo hatumwi na mchawi. Anafuata mifupa tuliyomwachia sisi.

Kuna anayefikiri haya yote ni ndoto za watu wa maofisini. Nimpe mfano mmoja wa haraka. Uhispania wana paka-mwitu wao, simbamangu wa Iberia, mwenye masikio ya vishada. Mwaka 2002 walihesabu chini ya mia moja katika nchi nzima. Sungura, ambaye ndiye chakula chake, alikuwa amepukutika kwa maradhi. Wakazalisha, wakawarudisha sungura, wakajenga njia za kupitia chini ya barabara, na muhimu kuliko yote wakafunga mikataba na wenye mashamba makubwa ya uwindaji, watu ambao baba zao walikuwa wakimpiga risasi. Leo wamepita 2,000, na mwaka 2024 dunia ikamshusha daraja la hatari. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini na fedha nyingi. Oman ina fedha hizo, Saudia inazo zaidi, na tangu 2023 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 10 Februari kuwa siku ya chui wa Arabuni. Siku ya kuadhimisha sasa ipo. Namba ya simu ya mfugaji ndiyo ninayoitafuta.

Jana kijana mmoja wa chuo aliniuliza swali zuri: kwa nini tujisumbue? Chui wa Afrika wapo, si mnyama yule yule? Ningeweza kumjibu kwa vinasaba, lakini nilimwambia aangalie Unguja. Chui alipoondoka, hatukupata amani na wachawi. Watu walihamishia mambo yao kwa wanyama wengine na kwa watu wengine. Nguruwe na kima wakabaki bila adui ila binadamu, na mkulima wa kwetu leo anakesha shambani kulinda mihogo. Akitokea mtu kesho kusema Unguja iletewe chui wa bara badala yake, nani atamkubali? Tulikuwa na mnyama aliyejifunza kuishi na sisi kwenye kisiwa kidogo kwa maelfu ya miaka, na watu waliojifunza kuishi naye. Ujuzi huo wa pande mbili hauletwi kwa ndege.

Dhofar bado mnao. Wapo wazee wa milimani wanaojua kujenga zizi la mawe ambalo chui haruki, wanaojua msimu gani mbuzi wasilazwe nje, wanaojua kutofautisha jeraha la chui na la fisi kwa kutazama shingo tu. Elimu hiyo ikipotea kabla ya kuandikwa, hata hao chui wa Taif watakapoletwa hawatakuta jirani anayewajua.

Nimesema sana, na mwenyekiti ananitazama. Hapa mbele ameketi mgeni wetu kutoka upande wa Mirbat, mzee ambaye amefuga mbuzi na ngamia chini ya Samhan maisha yake yote. Kiswahili hakijui, kwa hiyo mmoja wa vijana atatutafsiria, na maswali yenu ya chui yapelekeni kwake, mimi ni mtu wa kisiwani. Nimemwomba atueleze jambo moja: akimkuta mbuzi wake ameliwa alfajiri, anampigia nani, na anajibiwa nini. Wale wenye jamaa maofisini, tafadhali muandike. Mzee wetu, karibu, kipaza sauti hiki hapa.